Kuhama kutoka PostgreSQL 12 kwenda 17 bila kusimamisha mizani za ghala: naomba ushauri kabla korosho hazijaanza kushuka

Mtunza_Daftari, Masasi

Ndugu wataalamu, naomba mnisaidie mawazo katika jambo ambalo limeninyima usingizi tangu Juni.

Ninatunza mfumo wa kumbukumbu wa ofisi moja ya ushirika huku Masasi, unaohudumia maghala na vyama vya msingi vinavyotuletea mazao. Gunia likiwekwa kwenye mizani, karani anaingiza kilo na daraja, mfumo unatoa namba, na mkulima anaondoka na karatasi yake mkononi. Karatasi hiyo ndiyo atakayoishika siku ya malipo, kwa hiyo kwake yeye kanzidata yetu ni fedha yake, na mimi nimejifunza kuitazama kwa jicho hilohilo. Kanzidata inaendeshwa na programu ya PostgreSQL, toleo la 12, juu ya mfumo endeshi wa Ubuntu 18.04, ina ukubwa wa GB 140 hivi, na sehemu kubwa ya uzito huo iko kwenye majedwali mawili: la mapokezi ya mizigo na la kumbukumbu za mizani.

Vyote viwili vimepitwa na wakati. Toleo la 12 lilitoka Oktoba 2019, na Novemba 2024 likapata rekebisho lake la mwisho, yaani 12.22, kisha likafungwa. Ubuntu 18.04 nayo ilimaliza kipindi chake cha kawaida cha matengenezo Mei 2023. Nimeagizwa kwamba ifikapo Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa, tuwe tumeshahamia toleo la 17 kwenye seva mpya yenye Ubuntu 24.04, ambayo tayari ipo chumba kimoja na ile ya zamani na zimeunganishwa kwa waya.

Kinachonitia hofu ni muda wa kuzima. Walio mbali hudhani kwamba korosho zikiisha tunafunga milango hadi msimu mwingine, lakini sivyo ilivyo. Kabla hatujapumua tunagawa salfa kwa kufuata daftari la wakulima, halafu ufuta unaanza kuingia, na ufuta haujamalizika vizuri mbaazi nazo zinabisha hodi. Magari hushusha hadi usiku, na alfajiri mengine huwa yamekwisha panga foleni. Nilijaribu njia ya kawaida ya kutoa data yote kwa pg_dump na kuirudisha kwa pg_restore kwenye mashine ya majaribio, ikachukua zaidi ya saa tisa. Muda huo sina. Nimesoma kuhusu pg_upgrade yenye chaguo la --link, na kuhusu replikesheni ya kimantiki, ambapo seva moja huitumia nyingine mabadiliko yake, lakini sijawahi kufanya lolote kati ya hayo kwenye mfumo ulio hai. Je, inawezekana kuhama kwa kuzima chini ya dakika 15, na ninyi mngepita njia ipi?


Fundi_Seva, Nachingwea

Mleta mada, pole na majukumu. Mimi ningekushauri pg_upgrade kwa --link, kwa sababu haiandiki data upya hata kidogo. Inatengeneza katalogi mpya ya mfumo, halafu inaziunganisha faili zilezile za zamani na toleo jipya, kwa hiyo muda wake hautegemei GB ulizonazo bali idadi ya majedwali na vitu vingine vilivyomo. Nimeifanya kwenye kanzidata iliyokuwa kubwa kuliko yako na ikaisha kabla chai haijapoa.

Kwa kuwa unahamia mashine nyingine, tengeneza kwanza nakala hai ya seva yako kwenye mashine mpya kwa replikesheni ya kawaida, ile inayonakili faili nzima. Siku ya tukio zima ya zamani, ifanye nakala iwe seva kuu, kisha endesha pg_upgrade hapohapo. Usisahau kuiendesha kwanza kwa --check siku kadhaa kabla, ili ikuonyeshe vikwazo mapema bila kugusa chochote.


Mzee_wa_Mikindani, Mtwara

Mwanangu wa Nachingwea amesema kweli kuhusu kasi, na ungekuwa unabaki kwenye Ubuntu uleule ningekuambia umsikilize yeye na mada iishe. Ila hapa kuna shimo ambalo limefunikwa na majani, na nitaomba radhi kwa kuandika kirefu.

Ubuntu 18.04 inatumia maktaba ya mfumo iitwayo glibc toleo la 2.27, na Ubuntu 24.04 inatumia 2.39. Katikati hapo, kwenye toleo la 2.28 lililotoka Agosti 2018, kanuni za kupanga maneno zilibadilishwa kwa kiasi kikubwa, na PostgreSQL, usipoielekeza vinginevyo, huiachia maktaba hiyo kazi ya kuamua neno lipi litangulie lipi. Jaribu wewe mwenyewe: andika 1-1 na 11 kwenye faili, kila moja kwenye mstari wake, kisha zipange kwa amri ya sort chini ya en_US.UTF-8. Kwenye seva yako ya zamani 11 itatangulia, na kwenye mpya itatangulia 1-1. Sasa nina hakika namba zako za stakabadhi zina vistari, na majina ya wakulima wako yana ng' yenye kiapostrofi. Ukizihamisha faili kama zilivyo, faharasa, ile orodha ambayo seva huitumia kutafuta haraka, iliyopangwa kwa kanuni ya zamani itasomwa kwa kanuni mpya, na matokeo yake ni kwamba mkulima yumo kwenye jedwali lakini ukimtafuta kwa jina unaambiwa hayumo. Kibaya kuliko hicho, kizuizi cha kutorudia namba nacho husimama juu ya faharasa hiyohiyo, kwa hiyo namba moja inaweza kuingia mara mbili, na huenda usione ujumbe wowote wa kosa hadi watu wawili wasimame mbele ya dirisha la malipo wakiwa na karatasi zenye namba moja. Dawa ipo, nayo ni kujenga upya kila faharasa ya maandishi kabla ya kufungua milango. Lakini ukishafanya hivyo, ule muda uliouokoa kwa --link umekwisha kuurudisha.

Ndiyo maana kwa hali yako mimi ningepita njia ya replikesheni ya kimantiki, ambayo ipo tangu toleo la 10 la mwaka 2017. Hii haihamishi faili. Inasafirisha safu za majedwali: seva mpya inanakili kwanza kila kilichopo, halafu inaendelea kupokea kila badiliko jipya kadiri linavyotokea, na faharasa zinajengwa upande wa pili kwa kanuni za upande wa pili. Toleo la 12 na la 17 zinazungumza bila shida. Unaweza kuziacha zikienda sambamba kwa wiki nzima, mizani zikiendelea kupima, na siku ya kuhama kinachobaki ni kusimamisha maandishi, yaani kuingiza data mpya, kwa dakika chache tu.

Kwanza itakubidi ubadilishe wal_level, mpangilio unaoamua mabadiliko yaandikwe kwa undani gani, iwe logical kwenye seva ya zamani, na hilo linahitaji kuiwasha upya mara moja. Lihesabu kwenye muda wako wa kuzima na ulifanye usiku, siku kadhaa kabla. Kisha hamisha watumiaji na ruhusa zao kwa pg_dumpall yenye --globals-only, na muundo wa majedwali kwa pg_dump yenye --schema-only, ukitumia programu za toleo la 17, si za 12. Kwenye seva mpya bakiza funguo msingi tu, zile zinazotambulisha kila safu. Faharasa nyingine zote ziache hadi data iwe imekwisha kunakiliwa, kwa maana kunakili safu mamilioni huku ukijenga faharasa sita kwa wakati mmoja ni kujichelewesha bure. Baada ya hapo ndipo unapotoa CREATE PUBLICATION upande wa zamani, kutaja majedwali ya kutumwa, na CREATE SUBSCRIPTION upande wa mpya, ili iyapokee. Tangu saa hiyo mtu yeyote asiongeze safuwima wala jedwali, kwa sababu mabadiliko ya muundo hayasafiri. Waambie waandishi wa programu wafunge mikono.

Jambo ambalo nataka ulishike kuliko yote ni vihesabio vya namba, zile sequence. Havisafirishwi. Nilijifunza hili kwa uchungu katika ofisi moja ambayo nilikuwa nimekabidhiwa kazi kama yako. Tulihama usiku, nikahesabu safu, nikajumlisha kilo, pande zote mbili zikalingana hadi gramu, tukalala kwa furaha. Saa moja asubuhi karani wa kwanza akaweka gunia la kwanza, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi, skrini ikamwambia kwamba namba 1 tayari ipo. Akabonyeza tena, ikamwambia namba 2 tayari ipo. Akabonyeza tena, 3. Kihesabio cha seva mpya kilikuwa kimeanzia mwanzo kabisa wakati jedwali lilikuwa na safu zaidi ya laki nane, na nyuma ya karani yule kulikuwa na watu wamesimama juani na baiskeli zao. Kosa lilikuwa langu, na kulirekebisha kulichukua dakika mbili, lakini dakika kumi na tano za mwanzo nilizipoteza kwa kutafuta mahali ambapo halikuwepo. Tangu siku hiyo ninaandaa mapema faili inayosoma thamani ya kila kihesabio upande wa zamani na kutoa amri za setval, za kuweka thamani hiyo, kwa upande wa mpya, na ninaiendesha baada ya maandishi kusimamishwa, wala si kabla. Wapo wanaopenda kuruka mbele kwa namba elfu moja ili wawe salama. Kwa stakabadhi mimi sipendi, kwa sababu mkaguzi atakuja kuuliza zile elfu moja zimekwenda wapi.

Jambo jingine: kila jedwali linalobadilishwa au kufutwa safu lazima liwe na ufunguo msingi. Usipokagua hili, ukaweka majedwali yote kwenye publication kwa mkupuo, lile lisilo na ufunguo litaanza kukataa UPDATE na DELETE, yaani amri za kubadilisha na kufuta safu, kwenye seva yako ya zamani iliyo hai, na utakuwa umesimamisha mizani kwa kazi uliyokusudia isizisimamishe.


Mtunza_Daftari, Masasi

Mzee wangu, shikamoo, na asante sana. Nimefanya lile jaribio la 1-1 na 11 kwenye seva zote mbili, na imekuwa vilevile ulivyosema. Nimekaa kimya kidogo mbele ya skrini, maana namba zetu zote zina vistari.

Nimekagua funguo. Majedwali yote yanazo, isipokuwa moja, nalo ndilo kubwa kuliko yote: la kumbukumbu za mizani. Aliyelitengeneza zamani alidhani litakuwa la kuongezwa tu, lakini baadaye tukaruhusu karani mkuu kusahihisha kilo mzigo ukipimwa upya, kwa hiyo UPDATE zipo kila siku. Nikiliongezea safuwima ya namba sasa hivi naogopa litafungwa kwa muda mrefu. Nifanyeje?


Mzee_wa_Mikindani, Mtwara

Marahaba, binti yangu. Hofu yako ina msingi: ukiongeza safuwima inayojihesabu kwenye jedwali la ukubwa huo, seva italiandika upya lote huku ikiwa imelifunga.

Tazama kama kuna safuwima ambazo zikiwekwa pamoja hazirudii, kwa mfano namba ya mizani na wakati wa kupima. Kama zipo, jenga juu yake faharasa ya kipekee kwa CREATE UNIQUE INDEX CONCURRENTLY, ambayo haizuii watu kuandika, kisha liambie jedwali litambulike kwa faharasa hiyo kupitia REPLICA IDENTITY USING INDEX. Sharti ni kwamba safuwima hizo zisiruhusu nafasi tupu. Kama ziliruhusu, weka kwanza kizuizi cha CHECK chenye NOT VALID, kithibitishe kwa VALIDATE, ndipo uweke SET NOT NULL; tangu toleo la 12, ambalo ndilo ulilonalo, seva ikikuta kizuizi kilichothibitishwa hairudii kulipitia jedwali zima, kwa hiyo kufunga ni kwa nukta chache.

Usipopata safuwima za namna hiyo, kuna REPLICA IDENTITY FULL, ambapo safu nzima ya zamani husafirishwa kama kitambulisho. Zamani nilikuwa naikataza kabisa, kwa sababu upande wa kupokea ulilazimika kulipitia jedwali lote kwa kila badiliko moja. Kuanzia toleo la 16 seva inayopokea inaweza kutumia faharasa ya kawaida ikiwepo, na yako inayopokea ni 17, kwa hiyo kwa masahihisho machache ya kila siku itakuvusha. Lakini anza na njia ya kwanza.


Binti_Makonde, Newala

Dada, mimi naomba niongeze juu ya diski, kwa kuwa huku kwetu ndiko kunakouma zaidi.

Ukishafungua replikesheni, seva ya zamani inatengeneza sloti, na sloti ni ahadi: kumbukumbu zozote za mabadiliko, zile WAL, ambazo seva mpya haijazipokea hazitafutwa, hata kama seva mpya imezimika kwa siku tatu. Toleo la 13 lilileta max_slot_wal_keep_size ya kuweka kikomo, lakini wewe uko 12 na kikomo hicho huna. Kwa hiyo umeme ukikatika Ijumaa jioni, seva mpya ikabaki imezimika kwa sababu haikuunganishwa na betri, na wewe umekwenda msibani Ndanda, Jumatatu utakuta diski ya seva ya zamani imejaa na PostgreSQL imejifunga yenyewe. Seva mpya, ambayo ilikuwa bado haina kazi, itakuwa imeiangusha ile inayofanya kazi. Mimi niliponea chupuchupu, na nilichoponea ni kwamba nilikuwa nimeweka ujumbe wa kunitumia simu diski ikifika asilimia 75.

Fanya hivi: kila baada ya dakika tano linganisha pg_current_wal_lsn (mahali WAL zilipofika) na restart_lsn (mahali sloti inapoanzia kuzishikilia) iliyomo kwenye pg_replication_slots, na tofauti ikizidi kiwango ulichojiwekea upate ujumbe. Amua mapema, na uandike kwa maandishi, kwamba diski ikifika asilimia fulani unaifuta sloti bila kumuuliza mtu. Utakachopoteza ni saa kadhaa za kunakili upya, ambazo hakuna mkulima atakayezijua. Weka seva zote mbili kwenye betri, si moja.

Vilevile pakua vifurushi vyote vya toleo la 17 na vya nyongeza unazotumia wiki moja kabla, uvihifadhi ndani. Tusisahau Mei 2024: Kimbunga Hidaya kiliikata barabara ya Dar es Salaam huko Kilwa, na siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za baharini zikakatika na intaneti ikawa ya kubahatisha nchi nzima. Wiki ile mtu aliyekuwa katikati ya kazi kama yako asingepata kifurushi wala diski ya akiba, na Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa.


Fundi_Seva, Nachingwea

Nimejifunza hapa, na ninaufuta ushauri wangu wa mwanzo kwa mtu anayebadilisha na Ubuntu kwa wakati mmoja. Kazi yangu ile ilikuwa ndani ya mashine moja, ndiyo maana sikuliona shimo.

Ila naomba mleta mada asisahau kuendesha ANALYZE kwenye seva mpya kabla ya kufungua. Seva isiyo na takwimu za majedwali huchagua njia mbaya ya kutafuta, na ripoti ya nukta mbili inaweza kuchukua dakika ishirini. Watu watasema toleo jipya ni bovu, na kuanzia hapo hutawashawishi tena.


Mtunza_Daftari, Masasi

Ndugu zangu, nimerudi na matokeo, kwa kuwa naona si haki kuchukua ushauri wa watu na kunyamaza.

Nilifanya mazoezi mara mbili kamili kwenye mashine za majaribio kabla ya kugusa mfumo wenyewe, na zoezi la kwanza lilinionyesha mambo ambayo yangeniaibisha. Moja lilikuwa nywila. Tangu toleo la 14 njia ya msingi ya kuhifadhi nywila ni SCRAM, na pg_hba.conf, faili ya kanuni za kuingia, iliyokuja na seva mpya ilikuwa inadai hiyo tu, wakati nywila za makarani wangu zilihamishwa zikiwa bado kwenye muundo wa zamani wa md5. Kila kompyuta ya mizani ilikataliwa kuingia. Niliandika md5 kwenye mistari husika ya pg_hba.conf, ambayo hukubali miundo yote miwili, na nywila nitazibadilisha moja moja baadaye, nikishahakikisha kwamba draiva ya kila kompyuta inaifahamu SCRAM. La pili lilikuwa programu ya ripoti, ambayo ilikuwa na tabia ya kujitengenezea majedwali ya muda ndani ya skima (fungu la majedwali) ya public. Tangu toleo la 15 kanzidata mpya haimruhusu kila mtumiaji kufanya hivyo, kwa hiyo nikaipa skima yake yenyewe. Hakuna hata moja kati ya haya ambalo ningelikisia nikiwa nimekaa.

Kwa jedwali la mizani, namba ya mizani na wakati wa kupima zilifaa, ingawa kwanza nilikuta safu 41 zilizojirudia za siku moja ya mwaka 2021 ambapo karani alibonyeza mara mbili kila gunia. Tulizikagua moja moja na daftari la mkono la ghala kabla ya kufuta chochote.

Kunakili kwa mara ya kwanza kulichukua usiku mmoja na nusu ya siku, mizani zikiendelea bila mtu kutambua. Kisha nikajenga faharasa, nikaziacha seva zote mbili ziende sambamba kwa siku tisa, na kila asubuhi saa mbili nilikuwa najumlisha kilo za jana kwa kila chama cha msingi pande zote mbili na kulinganisha. Kulinganisha kilo kulinipa utulivu kuliko kuhesabu safu, kwa sababu kilo ndizo mkulima anazozijua.

Tulihama Jumapili. Saa nne na nusu usiku gari la mwisho la mbaazi lilikuwa limeshapimwa na karani wa zamu akanipigia kuthibitisha. Saa tano kamili niliwaondolea watumiaji wa mfumo ruhusa ya kuingia seva ya zamani, nikafunga miunganisho iliyobaki, nikasubiri hadi seva mpya ionyeshe imepokea hadi badiliko la mwisho. Nikaendesha faili ya vihesabio, na hapo, Mzee wangu, niliisoma kwa sauti namba ya stakabadhi ya mwisho na mwenzangu akaifuata kwa kidole kwenye karatasi iliyochapwa jioni ile. Zililingana. Jumla za kilo zililingana. Nikaelekeza jina la seva kwenye anwani mpya, tukamwomba karani apime gunia moja la majaribio ambalo tulikuwa tumeliacha juu ya mizani makusudi, na karatasi ikatoka na namba inayofuata ile tuliyokuwa tumeisoma. Tangu kufunga hadi karatasi hiyo ilikuwa dakika 11. Ukiongeza ule uwashaji upya wa wiki mbili nyuma kwa ajili ya wal_level, ambao ulikula chini ya dakika moja, bado niko ndani ya zile 15 nilizoomba.

Seva ya zamani bado ipo. Kabla ya kufungua maandishi niliifuta ile subscription ya mwanzo, nikageuza mwelekeo ili 17 iwe inaitumia 12 mabadiliko, nikiweka copy_data = false ili isinakili upya kilichokuwepo, na tukilazimika kurudi tusipoteze mzigo wowote uliopimwa baada ya kuhama. Swali langu la mwisho ni hili: niikate lini, na kwa utaratibu gani?


Mzee_wa_Mikindani, Mtwara

Umefanya kazi nzuri, binti yangu, na zile safu 41 peke yake zingetosha kuhalalisha usumbufu wote.

Iache hadi ripoti ya mwisho wa mwezi itoke na malipo ya mbaazi yanayopitia seva mpya yawe yamekamilika bila malalamiko. Hadi hapo kila sehemu ya programu itakuwa imeguswa angalau mara moja. Usiivushe kuingia Oktoba, kwa kuwa msimu wa korosho ukianza hutapata tena usiku wa kuitazama kwa utulivu.

Siku ya kuikata, toa DROP SUBSCRIPTION kwenye seva ya zamani wakati bado imewashwa na inaiona mpya, kwa sababu amri hiyo ndiyo inayokwenda kuifuta na sloti upande wa pili. Ukiizima kwanza, sloti itabaki yatima kwenye seva mpya na itaendelea kuzuia WAL zisifutwe, na lile alilokuonya dada yetu wa Newala litakupata mwezi wa kumi na moja, ghala likiwa limejaa. Ikitokea imezimwa kabla, ifute wewe mwenyewe kwa pg_drop_replication_slot. Baada ya hapo chukua nakala rudufu ya mwisho ya seva ya zamani, irudishe kwenye mashine ya majaribio uone kwamba inafunguka, ndipo uitoe waya.


Mtunza_Daftari, Masasi

Nimekuelewa, Mzee. Hadi hapo nimeweka max_slot_wal_keep_size ya GB 20 kwenye seva mpya, na ujumbe wa diski sasa unakuja kwenye simu yangu na ya mwenzangu. Nitaikata tarehe 20 Septemba, Jumamosi, saa tatu asubuhi, tukiwa wawili chumbani.